JINA LA MTU NA NASABA YAKE: LIPI LA KUBADILISHWA NA LIPI LA KUHIFADHIWA

(Darsa iliyotolewa msikitini, Mji Mkongwe, Unguja, baina ya Magharibi na Isha. Tumeiandika kwa ombi la ndugu waliohudhuria.)

Sifa zote njema ni za Allah Subhaanahu Wataala, Aliyemfundisha baba yetu Adam (A.S.) majina ya vitu vyote kabla ya kumshusha ardhini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad bin Abdillahi bin Abdil-Muttalib, na Aali zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kufuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo kila mmoja wetu analibeba tangu siku ya saba ya uhai wake, nalo ni jina. Tunaanza kwa kisa kilichotufika wenyewe, nacho ni kisa cha kosa letu.

Tuliporejea kutoka masomoni katika nchi za Kiarabu, tulikabidhiwa darasa la watoto wadogo madrasa. Tulikuwa na hamasa nyingi na subira chache. Siku ya kuandikisha alikuja mvulana mmoja, jina lake zuri, la baba yake zuri, lakini la babu yake lilikuwa katika majina ya kale ya watu wa mashamba ya Unguja, majina ambayo hayamo katika kamusi ya Kiarabu. Sisi tukaona kwamba hilo "si jina la Kiislamu". Bila ya kumuuliza mtu tukalifuta katika daftari na pahala pake tukaandika Abdallah.

Baada ya wiki moja akaja bibi yake mtoto, mtu mzima sana, ametoka shamba kwa gari ya asubuhi. Tukamwamkia, akaitikia. Akakaa juu ya mkeka, akatuomba tumsomee jina la mjukuu wake. Tukalisoma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, mwanangu, huyu wa mwisho uliyemtaja ni nani? Mimi sijaolewa na mtu wa jina hili."

Hatukuwa na jawabu. Tulikuwa tumehifadhi mutuni na tumesoma vitabu vikubwa, na bibi yule asiyejua kusoma alituonyesha kwa neno moja kwamba tumeharibu nasaba. Darsa hii yote, ndugu zetu, ni jawabu tuliyopaswa kumpa siku ile.

SEHEMU ZA JINA

Waarabu wa zamani waliligawa jina la mtu mafungu kadhaa. Kuna ismu, ndilo jina lake khasa, kama Umar. Kuna kunya, kama Abu Hafs au Ummu Salama. Kuna nasaba, ndiyo "bin fulani bin fulani". Kuna lakabu, yaani jina la sifa, kama As-Siddiq. Na kuna nisba, inayomfungamanisha mtu na kabila, mji au kazi.

Mafungu haya tunayaona kwa masheikh zetu wenyewe. Sheikh Abdul-Aziz bin Abdulghany Al-Amawy, aliyefariki mwaka 1896, nisba yake ni ya Bani Umayya. Sheikh Uways Al-Barawi, aliyeuawa mwaka 1909, nisba yake ni ya mji wa Barawa. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyesomesha pale Ukutani, jina lake la ukoo linaanza na "Ba", na hiyo ni alama ya koo za Hadhramaut. Kwa hiyo jina moja linaweza kukueleza bahari gani ilivukwa na bandari gani ilipitiwa.

Sisi watu wa visiwa tulichukua katika hayo lililo muhimu zaidi, nalo ni bin na binti. Mtu kwetu ni jina lake, la baba yake na la babu yake. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, na aliyeuamuru ujengwe ametajwa humo pamoja na baba yake. Desturi hii basi ina umri mkubwa hapa Unguja.

MAJINA YA WAZEE WETU

Wako vijana wetu leo wanaoyaona majina ya wazee wao kuwa ni ushamba. Hebu tuyatazame.

Juma na Khamis, Mwanajuma na Mwanakhamis, ni majina ya siku. Rajabu, Shaabani na Ramadhani ni majina ya miezi. Haji alipewa aliyezaliwa katika msimu wa Hija. Mzee aliyempa mtoto wake majina haya alikuwa akihesabu siku zake kwa kalenda ya ibada. Pili na Tatu ni hesabu ya uzazi. Riziki, Neema, Zawadi na Hidaya ni shukrani kwa Mola. Mwinyi asili yake ni mwenye, yaani bwana, mwenye mji, na ndilo neno lililomo katika cheo cha Mwinyi Mkuu aliyekaa Dunga.

Yapo pia majina ya huzuni: Tabu, Shida, Mashaka. Haya yanasimulia hali ya nyumba siku ile mtoto alipozaliwa. Na yapo majina ya kujidharau, ambayo baadhi ya wazee waliwapa watoto kwa kuogopa husuda na jicho. Hapa tunasema wazi kwamba kinga ya mtoto haimo katika jina baya. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwakinga Hasan na Husayn kwa kuwaombea ulinzi kwa maneno ya Mola, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Bukhari, na majina yao aliyachagua mazuri.

Lakini jina halihitaji kuwa la Kiarabu ili liwe jema. Ibrahim, Ismail na Musa si majina ya Kiarabu kwa asili, nayo yamo katika Qur'ani. Sharia inaangalia maana: jina lisiwe na shirki, wala tusi, wala majivuno. Jina la Kiswahili lenye maana njema, au lisilo na ubaya wowote, halina lawama.

MTUME (S.A.W.) ALIBADILISHA NINI?

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba majina yanayopendeza zaidi mbele ya Allah ni Abdullah na Abdurrahman. Imepokewa humo pia kwamba binti wa Umar (R.A.) aliyekuwa akiitwa Asiya, kwa maana ya mwenye kuasi, Mtume alimwita Jamila. Na Barra, jina lenye kujitakasa, alilibadilisha kuwa Zaynab.

Kisha kipo kisa cha Hazn, babu yake Said bin Al-Musayyib. Hazn maana yake ni ardhi ngumu. Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa yeye ni Sahl, yaani mwepesi. Yule bwana akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Bukhari amepokea kwamba mjukuu wake alisema ugumu ule uliendelea kubaki katika ukoo wao. Wengi husoma kisa hiki ili kueleza athari ya jina. Sisi tunataka mzingatie jambo la pili: Mtume alipendekeza, mwenyewe akakataa, naye akamwacha. Hakulifuta jina lake kwa nguvu. Sisi kwenye daftari letu hatukumuuliza hata mtu mmoja.

Na jambo la tatu ni kubwa kuliko hayo. Katika wote waliobadilishiwa majina, hatumjui aliyeondolewa jina la baba yake. Jamila alibaki binti wa Umar, na Umar alibaki bin Al-Khattab, ijapokuwa Al-Khattab hakuwa Muislamu. Ikrima (R.A.) alisilimu akabaki mwana wa Abu Jahl. Na Mtume mwenyewe siku ya Hunayn, watu walipotawanyika, alijitaja mbele ya maadui kwa jina la babu yake Abdul-Muttalib. Mwajua maana ya jina hilo? Ni mtumwa wa Al-Muttalib. Ibn Hazm amenukuu kuwa wanachuoni wamekubaliana kuharamisha majina ya kumtumikia asiyekuwa Allah, akalitoa hilo tu katika makubaliano hayo. Leo hatumpi mtoto jina kama hilo. Lakini Mtume hakumbadilishia babu yake jina. Nasi ni nani hata tuwabadilishie babu za watu?

MABINTI WAWILI WA UNGUJA

Ndugu zetu, katika historia ya kisiwa hiki wapo wanawake wawili ambao majina yao yanafaa kuwekwa mizani moja. Hatuzungumzii hapa kazi zao wala mwenendo wao; hesabu yao iko kwa Mola wao. Tunazungumza majina tu.

Wa kwanza alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, katika nyumba ya watu masikini, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria haikutoka mpaka tarehe 6 Aprili 1897, katika enzi ya Sayyid Hamoud bin Muhammad, kwa hiyo jina hilo lilikuwa na uzito wake. Alikua akiuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, akahamia mjini mwaka 1911, na huko watu wakamwita Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Alipofariki mwaka 1950 sifa zake zilikuwa zimeenea pwani nzima, na Sheikh Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Jina lake kamili mnalijua nyote: Siti binti Saad. Liangalieni vizuri. Mtumwa likaondoka, Siti likaja, na binti Saad likabaki pale pale. Sifa zilipokuja hakutafuta baba mwengine mwenye jina kubwa. Saad, mtu wa Fumba, amebaki akitajwa mpaka leo kwa ajili ya binti yake.

Wa pili alizaliwa katika kasri ya Mtoni mwaka 1844, naye ni Salme binti Said, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1867, huko Aden, alibatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, na tokea siku hiyo akaandikwa Emily Ruete. Emily ni jina la ubatizo, na Ruete ni la ukoo wa mume, kwa desturi ya Wazungu. Kwa tendo moja likaondoka jina lake na likaondoka la baba yake. Hata hivyo, kitabu chake alichokichapisha mwaka 1886 kimejaa habari za baba huyo na nyumba hiyo. Mwanawe akajulikana kwa jina la Rudolph Said-Ruete, na mwaka 1929 akachapisha kitabu kuhusu maisha ya babu yake. Kwa hiyo jina lililoondoka katika karatasi za mama lilirudi katika jina la mwana.

Tunasema haya kwa sababu tunawaona dada zetu, hasa walioko nje, wakiolewa leo na kesho yake wakiandika ukoo wa mume pahala pa jina la baba. Bibi Aisha (R.A.) aliolewa na mbora wa viumbe, na akabaki Aisha binti Abu Bakr. Ndoa haimwondoi mwanamke katika nasaba yake. Uislamu umempa mwanamke mali yake, na jina la baba yake ni katika mali hiyo.

ZAYD (R.A.) NA JINA LILILORUDISHWA

Zayd bin Haritha alitekwa utotoni, akauzwa, akafika katika nyumba ya Mtume (S.A.W.), ambaye alimwacha huru akampenda kama mwana, mpaka watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Je, kuna nasaba yenye heshima kuliko hiyo? Lakini katika Suratul-Ahzaab, aya ya 5, Mola aliamrisha watu waitwe kwa baba zao, na kwamba huo ndio uadilifu zaidi mbele Yake. Zayd akarudi kuwa bin Haritha.

Wanachuoni wamezingatia kwamba katika sura hiyo hiyo, aya ya 37, Allah amemtaja Zayd kwa jina lake, na hakuna Sahaba mwengine aliyetajwa kwa jina katika Qur'ani. Nisba tukufu aliiacha kwa kutii, na jina lake likawa linasomwa katika sala mpaka Kiyama.

"AL" ZA KUBANDIKWA

Hapa tunafika kwenye maradhi yetu. Wako wanaobandika nisba za makabila makubwa mwisho wa majina yao hali wanajua kuwa si zao. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake hali anajua, Pepo ni haramu kwake. Kemeo hili ni kali, wala si jambo la mzaha.

Lakini tuwe waadilifu na tuulize maradhi haya yametoka wapi. Kisiwa hiki kilikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Waliotekwa bara walinyang'anywa majina ya baba zao, wakapewa majina ya vito na ya bahati: Almasi, Feruzi, Marjani, Mabruki, Baraka. Hata watu wa kusini na mashariki ya Unguja, ambao hawakuwa watumwa, wakaitwa Wahadimu, neno lenye asili ya Kiarabu ya khadimu, yaani mtumishi. Kisha Waingereza wakaja na sensa zao. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 idadi ya waliojiandikisha Waswahili ilishuka sana, kwa kuwa wengi walijiandikisha kwa makabila mengine. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili hata mgao wa chakula ulifuata makundi ya watu. Mtu akiona kwamba kabila aliloandikwa ndilo linaloamua atakula nini, msimshangae akitafuta kabila jengine.

Kwa hiyo anayebandika "Al" anafanya kosa, lakini na anayemcheka mwenzake kwa asili yake anafanya kosa. Abu Dharr (R.A.) alimtukana mtu kwa mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa bado ana ujahiliya ndani yake. Na Suratul-Hujuraat, aya ya 11, imekataza kuitana kwa lakabu mbaya, kisha aya ya 13 ikaeleza kuwa makabila yamewekwa ili tujuane, na kwamba mtukufu zaidi ni mchamungu zaidi.

Tusisahau pia kuwa Sharia ina mlango wa walaa. Aliyeachwa huru, au aliyesilimu mikononi mwa mtu, zamani aliweza kunasibishwa na kabila la mtu huyo, ikijulikana kuwa ni nisba ya walaa na si ya damu. Imamu Bukhari anaitwa Al-Ju'fi kwa njia hiyo, kwa sababu babu wa baba yake alisilimu kwa mtu wa kabila la Ju'f. Basi wapo miongoni mwetu waliorithi nisba kwa njia hiyo. Asiyejua habari za nyumba ya mwenzake afunge mdomo wake.

JINA LA UKOO ZAMA HIZI

Wengi hutuuliza: je, kuwa na jina la ukoo ni kuiga Wazungu? Jawabu ni kwamba halina ubaya maadamu ni la kweli. Tazameni majina tunayoyasikia kila siku. Mzee Abeid Amani Karume alimwita mwanawe Amani, kwa jina la babu wa mtoto, kama ilivyo desturi yetu ya kurithisha majina. Kwa mpango wa zamani mtoto angekuwa Amani Abeid Amani, lakini anajulikana kwa Amani Abeid Karume. Vivyo hivyo mtoto wa Mzee Ali Hassan Mwinyi anajulikana kwa Hussein Ali Mwinyi. Jina la babu wa juu limekuwa jina la ukoo, na nasaba imebaki ya kweli, kwani mjukuu ni mwana pia.

Tatizo ni mchafuko. Cheti cha kuzaliwa kina jina hili, cha skuli lile, pasi ya kusafiria jengine, na madrasa walimu kama sisi tumeongeza letu. Siku baba anapofariki, warathi wanafika mbele ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ndugu wawili wa baba mmoja wana mababu wawili katika karatasi. Haki ya yatima hukwama kwa ajili ya herufi.

NASAHA ZETU

Kwanza, mpe mtoto jina lenye maana njema, siku aliyozaliwa au siku ya saba, yote yamepokewa.

Pili, jina lenye maana mbaya linaweza kubadilishwa, kwa ridhaa ya mwenyewe au wazazi wake, na libadilishwe katika karatasi zote.

Tatu, majina ya baba na babu yasiguswe, yawe yanapendeza masikioni mwetu au hayapendezi.

Nne, mtoto wa kulea alelewe kwa mapenzi yote, na aitwe kwa baba yake.

Tano, walimu wenzetu, msicheke jina la mtoto mbele ya wenzake, wala msiwaache wenzake wamcheke.

Sita, wakalisheni wazee wenu wakutajieni mababu, mwaandike. Kila mazishi tunayoyahudhuria, daftari moja linazikwa.

Ipo Hadithi katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Siku ya Kiyama tutaitwa kwa majina yetu na ya baba zetu. Isnadi yake ina mkatiko, na ni amana kulisema hilo. Lakini maana ya kuitwa kwa jina la baba imethibiti katika Sahihi, pale Bukhari alipoweka mlango wa watu kuitwa kwa baba zao, akataja bendera ya msaliti itakayonyanyuliwa na jina lake na la baba yake kutajwa.

Ama kisa chetu, tulimwomba bibi yule radhi pale pale juu ya mkeka. Tukachukua kalamu, tukalifuta la kwetu na kulirejesha la mume wake, na siku ya pili tukaliita kwa sauti mbele ya darasa zima, kama tunavyoyaita majina mengine. Bibi alipoinuka kuondoka alisema: "Sasa msomesheni. Babu yake alikuwa akitamani kuisoma Qur'ani, hakuwahi."

Mtoto alihitimu juzuu yake ya kwanza mwaka ule ule, kwa jina la babu yake.

Tunamuomba Allah atusamehe makosa yetu, awarehemu wazee wetu waliotutangulia, wenye majina tunayoyajua na waliopotezewa majina yao, na atukusanye nao katika Pepo Yake. Amin.

Wabillaahi tawfiq.